Jina la Mpiga Ngoma

Kila Mzee Léon Uyirwoth alipokuwa na shughuli upande wa Rwambuzi, alimwambia mwenye pikipiki azunguke. Njia fupi ilikuwapo, na hakuna mwenye moto, ndivyo Bunia tunavyoita pikipiki, asiyeijua. Lakini njia hiyo ilipita mbele ya mlango wa kijani, na mbele ya mlango huo mama mmoja aitwaye Berthe alikuwa akiuza unga wa muhogo tangu asubuhi hadi jioni. Léon aliona heri ale vumbi la kuzunguka kuliko kusalimiwa na mama yule. Alifanya hivyo miaka kumi na minane, mtu mzima na mvi zake, mtu aliyezoea kusimama mbele ya umati bila hata goti kutikisika.

Siku za kazi utamkuta soko la Mudzipela, akiwa na miwani iliyofungwa uzi, anatengeneza redio. Vijana wanamjua kwa kazi hiyo. Wenye umri wanamjua kwa jambo jingine: yeye ndiye mwimbaji na mpiga gitaa wa Tonnerre de Shari, yaani Ngurumo ya mto Shari, bendi ya roki. Ndiyo, roki, hapahapa Bunia. Wakati vijana wenzao walikuwa wanajipaka mafuta nyweleni na kucheza rumba, wao walifunga gitaa kwenye spika iliyopasuka ili lingurume, ujuzi walioupata kwenye kaseti za mtoto wa Mgiriki mmoja mwenye duka. Wazee walisema hizo ni kelele za mapepo. Wasichana hawakusema kitu, ila walikuja.

Ila roki yao ilikuwa roki ya kwetu, nayo ilikuwa na libanga. Kwa asiyejua, libanga ni jina la mtu linalorushwa katikati ya wimbo: la rafiki, la tajiri, la yeyote ambaye mwimbaji anataka mji umsikie. Huku kwetu wimbo usiotaja mtu ni wimbo yatima. Wenyewe walikuwa na wimbo mmoja uliozishinda nyimbo zote, “Mvua ya Shari,” na ndani yake libanga moja tu. Katikati ya wimbo vyombo vyote vilinyamaza ghafla, Léon akaita, “Mumbere!” na mpiga ngoma akajibu kwa fimbo zake mbili, ngurumo inayoanza mbali na kukujia hadi kifuani. Mpiga ngoma huyo alikuwa Mumbere Fabien. Yeye na Léon ndio walioanzisha bendi, wakiwa wanafunzi, na ngoma ya kwanza waliitengeneza kwa pipa la mafuta.

Kisha ukaja mwaka 2002. Mji uligawanyika, na jina la mtu likawa linatosha kumuua. Jina la Mumbere linasema mtu katoka wapi kabla hajafungua mdomo. Ni jina la Wanande, na wiki zile Wanande walikuwa wanatafutwa. Fabien alipakia mkewe Berthe na godoro juu ya lori, wakaenda Butembo. Mwaka uliofuata Tonnerre waliirekodi upya “Mvua ya Shari” kwa ajili ya redio, na mahali pa Mumbere Léon akaita, “Didier!” Didier alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya taa aliyewapa bendi jenereta. Jina lake lilikaa pale sawasawa, kama lililokatwa kwa kipimo.

Hapo tusimwonee Léon. Mwaka ule aliogopa, na aliyekuwa Bunia wakati huo akasema hakuogopa, mwulize alikuwa amejificha wapi. Tatizo ni yaliyofuata. Woga ulikwisha, jenereta ikabaki. Barabara zilifunguliwa, watu walirudi, na Léon kila mara alijiambia tamasha lijalo atarudisha jina la mwenzake. Lijalo likaja na kupita, na watu wakiimba Didier kwa furaha, watoto nao wakajifunza Didier, mpaka Didier mwenyewe akahamia Kampala na jina lake likabaki linachezwa kwenye harusi za watu asiowajua. Fabien akafa kwa homa ya ini hukohuko Butembo. Berthe akarudi Bunia peke yake, akakodi nyumba yenye mlango wa kijani, na Léon akaanza kuzunguka.

Mwaka huu vidole vya Léon vilikataa. Étienne, mpiga besi, naye magoti hayamruhusu kusimama saa nzima. Wakakubaliana kuaga watu: Mahagi, Aru, na mwisho Bunia. Huko Mahagi, kwa ndugu zake Waalur, Léon aliimba Didier bila hata kufikiri. Aru vilevile. Alirudi nyumbani ameridhika, na hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote, kwamba alikuwa ameridhika.

Jumanne kabla ya tamasha la mwisho, Berthe alibisha hodi. Martine, mke wa Léon, alimpa kiti na kikombe cha chai, akajitia shughuli nyuma ya nyumba. Léon alikaa mbele ya mgeni wake akiangalia sakafu.

“Papa Léon, nimesikia munaaga batu,” Berthe alisema. “Ni mwisho kabisa?”

“Mwisho kabisa, mama. Vidole vimekatala.”

“Basi nimekuya juu ya kitu kimoja. Miye siombi mingi. Katikati ya ule wimbo, pale munanyamazaka, utaje bwana yangu. Mara moja tu. Nitakaa mbele.”

Hakusema kwa hasira. Léon angependa asikie hasira, maana hasira mtu anaweza kuijibu. Aliuliza swali ambalo alikuwa amelikimbia miaka yote ile.

“Kule Butembo, alisikiaka kaseti yetu?”

“Alisikia. Dereva moja ya lori alileta.”

“Alisema nini?”

Berthe alikunywa chai kwanza. “Alisema ule mwenye kupiga batterie iko anachelewa.”

Léon alitaka ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti. Mwenzake alisikia jina lake limeng'olewa, na alichosema ni kwamba kijana wa ngoma anachelewa. Aliahidi palepale. Alimwahidi kwa jina la Mungu, mara mbili, na Berthe akasema mara moja inatosha.

Siku tatu zilizofuata Léon hakutengeneza redio hata moja. Alifanya mazoezi ya neno moja. Alilitamka akioga, alilitamka akivaa viatu, alilitamka Martine akimwuliza kama anataka maharage. Kwenye mazoezi ya bendi alilitaja mara saba, na mara zote saba likatoka. Étienne, mtu asiyeacha kukuonya hata kama hukumwuliza, alitikisa kichwa.

“Mazoea iko na taabu, papa. Tena batu batajibu Didier tu.”

“Bajibu. Miye nitasema Mumbere.”

Asubuhi ya Jumamosi aliliandika kwa biki mgongoni mwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, mahali ambapo jicho la mpiga gitaa haliwezi kupakosa.

Siku hizi tamasha Bunia huanza saa tisa mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Ukumbi ulijaa hadi dirishani. Wazee walivaa mashati ya ujana wao yasiyofunga tena vifungo, wakaja na watoto na wajukuu. Berthe alikaa mstari wa mbele, kiti cha tatu, na kitenge kipya cha bluu ambacho hata mkunjo wa duka ulikuwa haujatoka. Léon alipomwona alijisikia vizuri. Ndiyo, tuseme kweli, alijiona mtu mwema. Alifikiri: leo ninatua mzigo huu.

Walipiga nyimbo tisa. “Mvua ya Shari” ikawa ya mwisho, na kabla hajagusa waya wa kwanza watu walikuwa wamesimama. Vidole vyake, vile vilivyokataa, siku hiyo vilikubali. Gitaa likanguruma kama zamani, Étienne akasahau magoti, na ukumbi wote ukaimba. Léon aliona mahali penyewe panakuja. Aliangalia mkono wake, akalisoma jina. Vyombo vikanyamaza. Akainua kichwa, akafungua mdomo mbele ya kipaza sauti, macho yake yakiwa kwenye kitenge cha bluu, na mdomo wake ukasema, “Didier!”

Ukumbi mzima ukaitikia pamoja naye, sauti moja, mpaka mabati yakalia. Ngoma ikajibu.

Mtu anaweza kusema ulimi hauna mfupa. Léon mwenyewe alijiambia hivyo kwa muda wa kupiga noti nne, kisha akaona aibu hata kwa kujitetea. Angeweza kusimamisha wimbo. Mikono ilikuwa yake, na bendi ilikuwa yake. Angesema, ndugu zangu, nimekosea, turudie. Lakini watu walikuwa wanacheza, wengine wanalia, mzee mmoja amemkumbatia mke wake kama wachumba, na utamu ule ulikuwa wa mwisho maishani mwake. Hakutaka kuukata. Aliendelea kupiga. Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga, akijua kwa kila noti kwamba anamtupa Fabien mara ya pili, na safari hii bila bunduki mjini za kusingizia.

Wimbo ulipokwisha walimpigia makofi hadi akakosa pa kutazama. Alishuka jukwaani jasho likimtiririka, watu wakimshika mikono, wakimpiga picha. Berthe alimngojea pembeni hadi wengine wakapungua. Uso wake ulikuwa umefunguka, na Léon hakuwa amewahi kuuona hivyo tangu walipokuwa vijana.

“Asante, Papa Léon. Batu balipiga makelele, sikusikia muzuri. Lakini niliona mudomo yako inafunguka, na weye uliniangalia. Ulisema, sivyo?”

“Ndiyo, mama,” Léon alisema.

Neno hilo lilitoka jepesi, jepesi kama lile la jukwaani. Berthe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, akageuka kwenda zake. Alikwenda polepole, akijirekebisha kitenge begani kama mtu aliyetoka kupewa heshima yake. Léon alimwangalia akipiga hatua tatu, nne. Alijiona mchafu. Alifikiri kwamba akinyamaza sasa, mama huyu ataishi na furaha yake, na nani ataumia? Halafu akajua ataumia nani, na kwamba huyo ndiye hasa aliyekuwa akimtunza miaka yote: Léon Uyirwoth, asiumie.

“Mama Berthe.”

Akageuka.

“Sikusema. Nilitaja Didier.”

Karibu yao vijana wa ukumbi walikuwa wanakunja viti vya plastiki, wakivipachika kimoja juu ya kingine. Berthe hakulia wala hakumtukana. Uso wake ulirudi kufungika, polepole, na kuutazama ukifungika ilikuwa adhabu ambayo Léon asingemtakia adui.

“Mumbere,” alisema Léon. Akarudia kwa sauti. “Mumbere Fabien. Siye wawili ndio tulianzisha Tonnerre. Nilimutoa juu ya woga, kisha sikumurudisha juu ya aibu. Haya, sasa nimesema, mama. Mumbere.”

Alimngojea amwambie kitu. Pengine alitarajia kusamehewa. Binadamu ndivyo tulivyo, tukisema kweli robo saa tunataka shukrani.

“Miye najua jina ya bwana yangu,” Berthe alisema. “Nilitaka basikie bale.”

Akaonyesha mlango kwa kidevu. Nje, uani, watu walikuwa bado wanaagana, wengine wanatafuta moto wa kuwapeleka nyumbani, na kijana mmoja alikuwa anaimba “Mvua ya Shari” na wenzake wakimwitikia palepale panapoitikiwa.

Léon aliuangalia mlango. Miguu haikutaka, maana kuimba mbele ya watu ni kitu kimoja, na kumfuata mtu hadi langoni ili umwambie kosa lako ni kitu kingine kabisa. Alitoka hivyohivyo na jasho lake. Wa kwanza aliyemkuta alikuwa mama na binti zake wawili. Aliwaambia kwamba jina la katikati ya wimbo si Didier, ni Mumbere. Mama alicheka vizuri, akasema, “Aksanti, papa, ulipiga muzuri sana,” akapanda moto. Wa pili alitaka picha. Léon alisema alichosema, mwenzake akiitabasamia simu, wala hakusikia neno.

Nyuma yake Berthe alikuwa ametoka, amesimama karibu na ukuta, mikono kifuani. Hakumsaidia, na wala hakuondoka.

Wa tatu alikuwa mwenye moto, mwanamume wa makamo, aliyekuwa anangoja abiria. Léon alimshika usukani wa pikipiki ili asiende.

“Ule wimbo,” alisema. “Mahali tunasemaka Didier, si Didier. Ni Mumbere.”

Mwenye moto alimwangalia mzee huyu aliyelowa, akamtazama na yule mama ukutani, kisha akazima injini.

“Mumbere gani?” aliuliza. “Hapa ba-Mumbere ni wengi.”

Na Mzee Léon, kwa aibu yote aliyokuwa nayo, akaanza kumweleza tangu pipa la mafuta.