Nyumba ya Watu

"Taratibu, mwanangu, nyumba ya watu hii." Ndivyo bibi mmoja wa Unguja alivyomwambia Placida, nesi aliyepanga chumba cha juu, kila mlango ulipojibamiza kwa upepo. Mwanzoni Placida alidhani bibi huyu naye ni mpangaji. Kumbe nyumba ni yake, kainunua kwa jasho la cherehani, moja katika safu ya nyumba za matofali zilizobanana bega kwa bega pale Tottenham tangu enzi za Malkia Victoria. Ukutani hakuna msumari hata mmoja. Picha ya marehemu mumewe ameiegemeza juu ya kabati. Akitoka dukani hupiga hodi kwanza, na ndani hamna mtu.

Jumamosi moja wakaja watu wa kuhifadhi majengo ya kale. Kiongozi wao akausifia mlango na vioo vyake vya rangi, akasema mwenyewe wa kwanza alikuwa karani wa reli. Jina la karani alilijua; la anayevifuta vioo hivyo kila Ijumaa hakuliuliza. Akaomba waingie, bibi akawapisha. Placida aliporudi kutoka kazini akawakuta sebuleni wanapapasa kuta, na bibi kasimama nje, buibui mwilini, mkoba kwapani.

"Mbona uko nje, Bibi?"

"Nangoja wanambie kama nirudi ndani." Sauti yake haikupanda. "Hata kule Unguja, mwaka ule wa mapinduzi, walianza hivi hivi. Waliusifia mlango."