Mabega ya Mjomba

Ningetia chumvi siku ile, ningesimama kileleni. Nimelisema hili mara nyingi mpaka wanangu wakinisikia naanza wanatafuta viatu waondoke. Lakini ni kweli. Kijiko kimoja cha chumvi, tena kidogo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo. Zilikuwa enzi za ruksa. Morogoro mjini mitumba ilikuwa imejaa, kila mtu anauza kitu mbele ya mlango wake, na viwanda vinapunguza watu. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa kijana wa mtaa wa pili. Kiwandani alikuwa anafunga mizigo asubuhi, na jioni anaruka sarakasi kwenye kikundi cha utamaduni. Mizigo waliichukua, sarakasi wakamwachia. Basi mtaa ulipoandaa tamasha la sanaa, na wafadhili wakataka watoto wafundishwe kitu, akaitwa yeye. Akawa mwalimu wetu.

Alitufundishia uwanja wa shule, nyuma ya kwetu kabisa. Dirisha la chumba cha uani lilikuwa linautazama. Magodoro hakuwa nayo. Alishona magunia akayajaza sufi, ndiyo tukawa tunaangukia, na jioni tunarudi nyumbani tunapiga chafya. Tulijifunza kubiringika, kutembea kwa mikono, kurusha machungwa matatu bila kuyadondosha. Kwenye machungwa mimi nilikuwa bure kabisa. Lakini tulipofika kwenye mnara wa watu, wanne chini, wawili juu yao na mmoja kileleni, mwalimu alinitazama akasema, "Wewe woga huna, una kiburi tu. Panda."

Nikapanda. Wa kileleni anapanda anachuchumaa, mguu mmoja bega hili, mwingine bega lile, anatulia. Waliombeba wanamshika vifundo vya miguu. Mwalimu anaita, "Juu!" Hapo ndipo unanyoosha magoti na kufungua mikono. Siku ya kwanza niliponyooka niliona milima yote, na mabati ya nyumba yetu, na mama akianua nguo, na mimi nipo juu ya vyote hivyo. Nyumbani nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Kila siku "we mtoto", "we mtoto". Pale nilikuwa kilele. Mwalimu akasema siku ya tamasha ni mimi, hakuna mwingine, na mimi nikawa sitaki kitu kingine chochote duniani.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nilipovunja ungo.

Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Wanaume hawamwoni, jua halimwoni, wanawake wakubwa wanamfunda, anakula, anatulia, mpaka siku ya kuchezewa ngoma na kutolewa. Wenzangu waliokuwa bado wanasoma waliwekwa siku za likizo tu. Mimi shule nilikuwa nimemaliza, hakuna kengele ambayo ingenitoa. Nikasema moyoni: siku tisa tu. Nifiche siku tisa, nisimame, halafu waniweke ndani mpaka nizeeke, potelea mbali! Nikachana kanga kuukuu ya mama, nikajisitiri, nikajiona mjanja kweli kweli.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu kupika.

Sasa, nyumbani kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Hakuna aliyenieleza. Ila tangu nikiwa mdogo kulikuwa na siku ambazo mama alipika kila kitu, halafu ananiita, "Njoo utie chumvi," nami natia, narudi kucheza. Mtoto ana masikio. Nilishawasikia wakubwa wakisema chumvi ya mwenye siku zake inawapa walaji kikohozi kisichopona. Na kifua cha baba kilikuwa kibovu tayari. Nikasimama mbele ya jiko, chumvi mkononi, mboga inatokota. Nikimwita mdogo wangu atie, wote watajua. Nikitia mwenyewe, baba anakufa. Hivyo ndivyo nilivyowaza, msinicheke: baba anakufa. Nikairudisha chumvi kwenye kopo. Watadhani nimesahau, nikajiambia.

Bibi, mama yake mama, alikuwa ameshuka kutoka Mlali kuja kutibiwa macho. Macho yalikuwa mabovu, ulimi mzima. Alimega tonge, akachovya, akatafuna kidogo, akaacha.

"Nani kapika?"

Mama akaanza kunigombeza. "We mtoto, akili yako yote iko kwenye sarakasi, hata chumvi unasahau!"

"Mwache," bibi akasema. "Hajasahau."

Akanigeuzia yale macho yenye ukungu, akatabasamu. Lo, tabasamu lile! Nalichukia mpaka leo, na bibi nilimpenda. Mama akashika mdomo, akanitazama, halafu akapiga kigelegele kimoja kifupi. Barazani baba akakohoa tu. Mambo yalikuwa yameshamtoka mikononi.

Nilipiga magoti nikaomba. Mama alinionea huruma, nilimwona, lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na neno la mwisho ni la mjomba. Akapelekewa habari huko mlimani. Siku ya pili akashuka na tenga la njegere na fyulisi za kunitunza, furaha imemjaa. Mjomba wangu alikuwa mpole. Alikuwa na mabega ya mtu aliyeshusha kabichi mjini tangu utotoni. Mara nyingi niliwaza kwamba angefaa kuwa wa chini kwenye mnara wetu.

Niliongea naye nikiwa nyuma ya pazia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hongera."

"Mjomba, naomba nitoke siku moja tu. Ya tamasha. Nikishuka tu narudi ndani, sitasema neno."

"Ndiyo ile ya kupanda juu ya watu? Na suruali? Mbele ya mji mzima, na wewe sasa ni mwali?" Akashusha pumzi. "Hapana, mama. Lingine lolote uniombe."

Hakufoka. Angefoka ningepata pa kumshika.

Nikawekwa chumba cha uani. Dirisha likazibwa kwa boksi la mitumba, likapigiliwa misumari. Kesho yake nikasikia hodi ya mwalimu. Alikuja kuuliza mbona sionekani mazoezini. Mama akamjibu, "Mwenzenu yupo ndani." Mwalimu naye alikuwa Mluguru kama sisi, mila aliijua. Nilisubiri abishane, nikamsikia akikwaruza mchanga kwa kiatu. Halafu akasema, "Aa. Hongera, mama," akaenda zake. Mwali hapazi sauti. Niliuma kanga mpaka ikatoboka.

Siku ya tamasha ngoma zilianza mapema. Boksi lile lilizuia mwanga, sauti halikuzuia hata kidogo. Nilisikia watoto wakicheka, kipaza sauti kikikoroma, mwalimu akiwapanga: wa chini, wa kati, polepole, shikaneni. Pembeni ya mlango kulikuwa na kinu. Nikakigeuza, nikapanda, nikachuchumaa. Bibi alikuwa mkekani, uso kwangu, hakuona kitu. Nje mwalimu akaita, "Juu!" Nikanyooka. Kichwa kikagonga boriti. Na uwanjani watu wakalipuka kwa shangwe, maana mtu alikuwa kasimama kileleni, na si mimi.

"Shuka, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kinu hakipandwi."

Hapo ndipo nilipoapa. Nilijua mwali akitolewa anabebwa mabegani, na mimi atakayenibeba ni mjomba. Vizuri. Nitasimama pale pale, mbele ya mji mzima. Kila bibi alipolala mchana nilichuchumaa na kuinuka, nikachuchumaa na kuinuka. Kisha matokeo yakatoka, jina langu halimo, na mjomba akasema basi tungoje mavuno, ngoma iwe na chakula. Miezi ikapita. Niliamka, nikala uji, nikafundwa, nikala wali, nikalala. Nikanenepa, nikatakata kama mtu asiyejua jua. Siku moja sikuchuchumaa, nikasema kesho. Sikumbuki ilikuwa siku gani, na hakuna aliyenikataza. Hilo linaniuma kuliko boksi na misumari yake.

Mahindi yalipoingia ghalani wakanitoa. Mwezi wa nane huo tangu niingie. Walinipaka mafuta, wakanivika shanga na kanga mpya, mjomba akachuchumaa nikakaa mabegani mwake, tukatoka mlangoni. Jua likanipiga machoni kama kofi. Nilifundishwa niinamishe kichwa, lakini nilichungulia. Nikawaona wenzangu wa mnara, wamesimama pamoja karibu na ngoma, wamerefuka. Na yule mwembamba aliyechukua nafasi yangu akaweka mikono mdomoni akaita kwa nguvu, "Juu!"

Mguu wangu wa kulia ulitii kabla yangu. Ukapanda, unyayo ukakanyaga bega la mjomba. Nikausukuma ili ninyooke. Goti likatetemeka, likatetemeka, likakataa. Mjomba akahisi nateleza, akakishika kifundo cha mguu wangu, akakibana sawasawa, kama alivyotufundisha mwalimu.

"Tulia, mama," akasema. "Nimekushika."

Nikaurudisha mguu chini, nikainamisha kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasifu, mwali huyu ana haya.