Utando Mweupe

Mwanangu wa pili alizaliwa kijijini Makote asubuhi ya ukungu, kabla ya mwezi wake, amegubikwa na utando mweupe kama samli iliyoganda. Nilidhani bado naota. Ukungu ulikuwa umeingia hadi chumbani, na mama mkwe, aliyenizalisha, alikuwa akitembea humo huku akisonya.

Alisonya kwa sababu ya ule utando. Watu walisema mtoto akitoka mweupe hivyo, wazazi hawakutengana kitanda miezi ya mwisho. Aibu hiyo huoshwa kabla majirani hawajaingia. Mimi aibu sikuwa nayo, nilikuwa na hofu. Wa kwanza alizaliwa vivyo hivyo, mdogo, mweupe, akaoshwa mpaka akang'aa, na hakumaliza wiki.

Maji hayakuwepo. Bomba lilikauka, na mwenye pikapu, mmoja wa wale walioanza kuuza maji miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, hakuwa amepanda kutoka bondeni. Yaliyobaki ndooni yalitosha uji wangu tu.

"Kunywa wewe, mwanangu," alisema mama mkwe. "Fedheha haiui."

Akamlaza mtoto kifuani mwangu, akatufunika kanga, akaketi mlangoni. Kila aliyepiga hodi aliambiwa, "Wamelala." Na kweli tulilala. Siku nzima nilizama na kuibuka usingizini, na kila nikiibuka ule weupe umepungua, umenywewa na ngozi, na mtoto bado anapumua. Nilifurahi mpaka nikaogopa kufurahi.

Basi akaishi. Akakua mbishi, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Miaka ikapita. Nikiwa mjamzito tena, nilihudhuria kliniki Masasi, na muuguzi akatukataza kuwaosha watoto upesi. Utando ule ni mafuta, alisema, na ndani yake mna vipande vidogo mno vya protini. Kijidudu cha maradhi nacho kimevaa ngozi nyembamba ya mafuta. Vile vipande huvutwa nayo, hujilaza juu yake, hujipenyeza, huitoboa, na kijidudu huvuja mpaka kikafa. Ngozi ya mtoto haidhuriki. Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa ndoto yake mwenyewe.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe, tukimenya muhogo. Kisu chake kikasimama.

"Na yule wa kwanza, niliyemsugua?"

Swali hilo nilitoka nalo kliniki, likinichoma njia nzima. Nikamtazama. Alikiweka kisu chini.

"Nilimuuliza muuguzi, Mama. Yule alikuwa na ugonjwa wake."

Sikuwa nimemuuliza.