Tundu la Kengele ya Eedo Habiba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo niliyoharibu kengele ya ngamia wa Eedo Habiba. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba huko Wajir, najifunza kuchonga kwa Adeer Yunis, mdogo wake baba yangu. Leo unaniona hapa Garissa natengeneza vitanda na milango, ukadhani nilizaliwa na randa mkononi. Wapi! Nilizaliwa na haraka, na haraka hiyo bado haijaniisha.

Kwetu kengele ya ngamia huchongwa kwa mti. Unachimba kigogo kwa patasi mpaka kibaki ganda, kisha unaning'iniza vijiti viwili ndani vya kuligonga. Unene wa ganda haupimwi kwa rula. Kila ukichimba kidogo unaligonga kwa kidole na kusikiliza, na mti wenyewe hukwambia endelea au acha. Ndiyo sababu Adeer alikataza redio wakati wa kazi hiyo. Mchana ule alikwenda sokoni, nami nikaiwasha, maana kulikuwa na mpira. Timu yangu ikafunga, nikashangilia, na patasi ikatokea upande wa pili.

Eedo Habiba, tuliyemwita eedo, yaani shangazi, kwa heshima tu, alikuwa mjane, jirani yetu, macho yake yameingia ukungu. Alichunga kwa masikio. Ngamia wake wa maziwa, aliyewanywesha wajukuu wanne, alikuwa ameshapotea mara mbili visimani, kwa sababu makundi yakichanganyika kengele hulia sawasawa. Akipotea mara ya tatu, nani angejua kama atarudi? Na kesho yake asubuhi familia ilikuwa inahamia upande wa Hadado. Kigogo kingine kikavu hatukuwa nacho.

Basi nikafanya ujinga. Nilichanganya gundi ya mti na unga wa mbao, nikaziba tundu, nikapaka mafuta, nikajitia hamnazo. Adeer aliporudi hata hakuiangalia. Aliigonga mara moja, akasikiliza, akaigonga tena karibu na kiraka.

"Warya, we kijana, hapa umezika nini?"

Nilimwambia yote, mpaka habari ya redio, nikingoja kofi. Hakunipiga. Alisema jambo lililoniuma zaidi: "Tundu lilikuwa hasara yako. Ulipoliziba, ukataka hasara hiyo aibebe mama asiyeona vizuri."

Kisha akaniamuru nitoe kiraka. Nilipokitoa akaigonga, akatega sikio, akaigonga tena. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nyembamba na kavu, kama mtu anayekohoa makusudi ili umtazame. Mzee wa watu akashikwa na udadisi, akasahau kunigombeza. Alinituma nikasimame mbali, nimpe mgongo, akatikisa kengele tatu, hiyo na mbili za wateja wengine, moja moja, kisha zote pamoja. Kila mara niliitambua ile yenye tundu. Nami nikasahau aibu yangu, nikataka kujua zaidi. Tukalipanua tundu kwa tupa, tukasikiliza. Tukatoboa la pili upande wa pili, safari hii kwa kukusudia, tukasikiliza. La tatu aliniachia mimi, nikakataa, kwa kuwa nilisikia ganda linaanza kulalamika. Adeer akacheka, akasema sasa nimeanza kazi.

Alasiri Eedo Habiba akaja kuchukua kengele yake. Adeer alinisukuma mbele niseme mwenyewe. Nilijikaza kisabuni, nikamweleza kwamba niliitoboa kwa uzembe, kwamba tumejaribu kuitengeneza, na kwamba akiikataa ana haki. Tukaitikisa pamoja na zile nyingine. Alifumba macho, akainamisha kichwa, halafu akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kengele yake.

"Hii," alisema, "hata kwenye ngamia mia siipotezi."

Walirudi baada ya mvua, na ngamia wao. Wajukuu walitusimulia jinsi makundi yalivyochanganyika kisimani, watu wakagombana ngamia yupi ni wa nani, na bibi yao akapita katikati ya ngamia wote mpaka akamshika wake shingoni. Baada ya hapo familia nyingi zikaja, kila moja ikitaka matundu yake mahali pake. Watu wakanisifu kwa akili. Na mimi, mwanangu, miaka mingi nilizipokea sifa hizo bila kuitaja redio. Naona haya hadi leo, ndiyo maana nakwambia wewe.

Ukiharibu kitu, usikimbilie kuziba. Kigonge kwanza, usikie kimekuwa nini sasa, maana si kile ulichokusudia tena. Si kila kosa lina faida ndani yake. Mengi ya kwangu yalikwenda jikoni yakachemsha chai. Lakini hutajua lipi ni lipi kama umelificha. Na kabla kitu hakijatoka mkononi mwako, mwambie ukweli mwenye kukichukua, kwa sababu ni yeye atakayekitegemea huko porini, wewe ukiwa umekaa kivulini.

Allah akupe sikio lenye subira na ulimi usioogopa kukiri. Na kila utakachokitengeneza, akijaalie kimrudishe mtu nyumbani kwake salama. Amin.