Mlango Uliosubiri Betri

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, baba mkwe wangu akiwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa nyumbani kwangu Makole, hapa Dodoma, anageuza msumari ndani ya makaa kama mtu anayechoma muhindi. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono mitupu. Nilikuwa fundi seremala mwenye miaka kumi na moja kazini, nina mashine mbili za kisasa juu ya benchi, na sikuweza kutoboa tundu hata moja kwenye ubao.

Juzi uliniuliza ununue drili gani ya betri kwa ajili ya karakana unayotaka kuanzisha nyuma ya nyumba. Nilikwambia nitakujibu nikishapumzika. Siku hizi nachoka upesi, na swali lako halikuwa jepesi kwangu kama ulivyodhani. Jibu ninalo, ila njia yake inapita kwa Damari, mke wangu ambaye wewe hukumkuta, na kila nikipita huko natembea polepole. Nivumilie.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wewe hukuwepo, kwa hiyo huwezi kujua ilivyokuwa kwetu kutoka kwenye maduka yenye rafu tupu hadi kuona vitu vimepangwa barabarani mpaka unakosa pa kukanyaga. Redio, pasi, baiskeli, viatu vilivyovaliwa na watu tusiowajua. Na vifaa vya ufundi. Karibu na soko alikuwepo mfanyabiashara mmoja, Bwana Sefu, mtu wa ukoo wa zamani hapa mjini, aliyekuwa akifungua magunia ya vifaa vilivyotumika huko ng'ambo na kuvimwaga juu ya turubai. Kila gunia jipya likifika, mafundi tulikwenda kama kuku waliotupiwa pumba.

Hapo ndipo nilipoiona. Drili ya kijani, haina waya, imekaa mkononi kama imenijua. Nikabonyeza, ikaunguruma.

"Fundi," Sefu akaniambia, "mbona umeishika kama bwana harusi aliyeambiwa sasa unaweza kumshika mkono?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini sikuiweka chini.

Nataka niseme kweli juu ya Sefu, maana wengi wakiharibikiwa humsingizia muuzaji. Sefu hakunidanganya. Aliniambia wazi: "Betri iko moja hiyo hiyo. Chaja yake ni hii nadhani, sijaijaribu. Betri nyingine ya namna hii sijaiona hapa mjini. Mimi nauza kilichomo kwenye gunia, fundi, simjui baba yake." Nilisikia kila neno. Sikuuliza swali hata moja.

Pesa zangu hazikutosha, nikaongezea keekee yangu.

Labda hujawahi kuishika keekee. Ni ile ya kutobolea kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Yangu nilipewa na Mzee Yoeli wa Mlali, ambaye ndiye aliyenifundisha useremala kabla hajanipa binti yake. Mpini wake ulikuwa umelainika kwa viganja vyake, kisha kwa vyangu. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Msemo huo niliujua. Nilikuwa nawaambia hata wengine.

Jioni ile niliwaita majirani waje waone. Nilitoboa kipande cha ubao matundu mengi yasiyo na kazi, nikaingiza skrubu nikazitoa, nikaziingiza tena. Mafundi wenzangu waliokuwa bado wanazungusha keekee niliwatania kuwa wanasaga mahindi. Betri ikaisha watu wakiwa bado wanashangilia. Nikachomeka chaja ukutani. Ikatoa mlio mdogo kama wa panya, halafu moshi.

Nyuma ya ile chaja palikuwa pameandikwa namba. Kusoma najua, darasa la saba nilimaliza, lakini sikuisoma. Ilitengenezwa kwa umeme wa volti mia moja na kumi. Wa kwetu ukutani ni mia mbili na thelathini.

Hapo ningejua kuwa nimekosea, ningekuwa nimejifunza kwa hasara ndogo. Badala yake nikarudi kwa Sefu kununua mashine ya pili, nyekundu, yenye chaja inayofanya kazi. Nilidhani betri yake itaingia kwenye ile ya kijani. Zilikuwa na volti sawa, kumi na mbili zote. Haikuingia. Kila kiwanda kina umbo lake la betri, mwanangu, kama kila kufuli na ufunguo wake. Na ile nyekundu yenyewe ilikuwa bisibisi tu, ya kukazia skrubu ndogo. Kwenye mninga ilizunguka mara mbili ikanyamaza.

Sasa nifike kwenye mlango.

Dodoma yetu unaijua, mchwa hawana likizo. Walikuwa wamekula mlango wa chumba chetu cha kulala mpaka ukawa kama mkate mkavu. Wiki ile ile niliyonunua drili niliung'oa, nikatengeneza mwingine wa mninga, mzuri, huenda ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Kilichobaki kilikuwa kuufunga bawaba. Ubao wa mninga hauingizi skrubu bila kutobolewa kwanza. Ukilazimisha, skrubu inakatika au ubao unapasuka. Nikauegemeza ukutani kwenye banda nikisubiri chaja niliyoagiza Dar es Salaam. Mlangoni tukatundika pazia.

Ndipo Damari akaugua.

Sitaeleza ugonjwa. Ilifika mahali hawezi kutembea hadi bafuni nje, akawa anaogeshwa mle chumbani na dada yake Loisi. Na chumba kile kilifungukia sebuleni. Unajua mgonjwa kwetu hakai peke yake. Watu wanakuja kumjulia hali asubuhi mpaka jioni, wa kanisani, wa mtaani, ndugu waliotoka Gulwe kwa treni. Upepo wa Dodoma nao hauheshimu pazia. Kila Loisi alipoweka beseni, mwanamke mmoja alilazimika kusimama mlangoni amenyoosha kanga kwa mikono miwili, na wageni wanainamisha macho.

Damari hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniambia mara tatu tu. Mara ya kwanza: "Baba Neema, ule mlango." Nikasema chaja inakuja. Mara ya pili: "Baba Neema, nifungie mlango, nimechoka kuogea barabarani." Nikasema wiki hii. Chaja ikafika kwa basi, nayo haikulingana na betri. Mara ya tatu aliniambia kwa macho. Alitazama pazia, akanitazama mimi.

Utaniuliza, kwa nini hukuazima keekee? Mjini palikuwa na keekee zaidi ya ishirini. Nami nakujibu bila kuficha: niliona haya. Wale wenye keekee ndio niliowaambia wanasaga mahindi. Ilikuwa rahisi kwangu mke wangu asubiri kuliko mimi kubisha hodi kwa fundi mwenzangu na kusema nisaidie. Jambo hili sijalisema kwa watu wengi.

Siku ile ya jiko la mkaa, Mzee Yoeli akaja kutoka Mlali, amepanda lori la mahindi, kofia imejaa vumbi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa sebuleni kwenye kiti kinachotazama ukuta, maana kwa desturi yake baba hachungulii chumba cha binti aliyeolewa. Hajamaliza maji ya kunywa, Loisi akaita, "Mama mmoja anisaidie kanga hapa!" Upepo ukapiga. Mzee akainuka haraka akatoka nje, nami nikamfuata hadi bandani.

Akaukuta mlango. Akaupapasa kiungo kwa kiungo, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu zamani.

"Huu una kasoro?"

"Hauna, baba."

"Bawaba zipo?"

"Zipo."

"Skrubu?"

"Zipo, baba."

"Sasa unasubiri nini?"

"Betri."

Akanitazama. "Betri ya redio?"

"Ya keekee, baba. Siku hizi zipo za betri."

Nikamwonyesha zote mbili. Akaishika ile ya kijani, akaibonyeza, kimya. Akairudisha benchini taratibu, kama mtu anayelaza kitoto cha wenyewe. "Na ile niliyokupa?"

Nikamwambia nilivyoibadilisha. Mwanangu, nilitamani anitukane. Alisema "Haya" tu, akavua koti.

Aliomba jiko. Loisi akaepua uji. Mzee akachagua msumari mnene kidogo kuliko moyo wa skrubu, ule mwili wake usio na meno, akaufukia kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, akaukandamiza kwenye alama. Mninga ukalia, moshi ukapanda, harufu yake ikajaa ua mzima. Msumari ukipoa anarudisha, anachukua mwingine. Bawaba tatu, kila moja skrubu nane: matundu ishirini na manne. Mimi nilishikilia mlango. Baada ya matundu sita aliniachia koleo, akasema, "Na wewe," nikaendelea. Skrubu tukazipaka sabuni ya mche ili ziteleze, tukazikaza kwa bisibisi ya mkono. Kabla ya saa kumi mlango ulikuwa umesimama mahali pake.

Mzee akaufunga. Haukulia, ulikaa tu kwenye fremu.

Ndani tukasikia sauti ya Damari: "Nani kafunga?"

"Baba yako," Loisi akamjibu.

Damari akasema, "Basi nivalisheni vizuri, mfungue nimsalimie. Halafu mfunge tena. Nataka niusikie tena."

Jioni nikamsindikiza mzee njiani. Yeye akasema bila kugeuka: "Sikukupa ile keekee uipende, mwanangu. Nilikupa ili mtu akikuomba tundu, usimwambie kesho."

Damari alikaa na mlango ule siku tisa. Siku ya kumi ulifungwa wanawake wakiwa ndani wanamwosha, na mimi nilikuwa barazani na mzee, aliyekuwa amerudi kutoka Mlali. Tuliusikia wote wawili. Hatukutazamana.

Sasa drili yako. Usidhani nakuzuia. Baadaye nilinunua nyingine, nzuri, na imenifanyia kazi miaka mingi, na ya sasa ninayo. Drili ya betri ni jambo jema ukiichagua kwa akili. Mimi niliichagua kwa macho.

Anza na betri, mwanangu, mashine ije baadaye. Ukinunua drili ya kwanza umeoa ukoo mzima, kwa sababu msumeno na randa utakavyonunua baadaye vinapaswa kula betri hiyo hiyo. Nenda dukani uulize: betri peke yake mnauza, hapa hapa Dodoma, si Dar? Wakisita, ondoka, hata mashine ing'ae vipi. Chukua betri mbili, moja ikifanya kazi nyingine iko kwenye chaja. Ya tatu ni anasa. Soma maandishi nyuma ya chaja kabla hujatoa pesa. Soma wewe mwenyewe, usisomewe.

Ukubwa usikutishe wala usikutamanishe. Kwa kazi za nyumbani ya volti kumi na mbili inakaza skrubu za makabati, lakini kwa mninga na milango utashukuru ukiwa na ya kumi na nane. Inyanyue juu ya kichwa uhesabu hadi mia. Mkono ukitetemeka, utatetemeka na kwenye dari. Iwe na mwendo wa polepole wa kutobolea mbao ngumu, na ile pete ya namba mbele, inayozuia skrubu isizame ikapasua ubao. Kama utatoboa kuta za tofali, tafuta yenye kugonga inapozunguka. Kama hutatoboa, usilipie kelele. Na betri usiziache kwenye banda la mabati mchana. Jua letu litazimaliza kabla yako.

Halafu nunua na keekee ya mkono, uitundike ukutani, uipake mafuta. Umeme utakatika, betri zitazeeka. Na ukikosa vyote, msumari na jiko unavyo, na fundi mwenzako yuko mtaa wa pili. Kubisha kwake hakukupunguzii kitu. Mimi sikubisha, na ningetoa drili zote zilizowahi kuingia Dodoma ili nizirudishe zile wiki tano alizoogea nyuma ya pazia.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi tumbo linaloumia si la anayesema ngoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mashine yako mpya iwe ya mtu wa nyumbani kwako, ile aliyokuomba mara ya kwanza na ukamwambia wiki hii. Usimngoje aombe mara ya tatu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aiondolee haya ya kuomba msaada. Akupe wa kukutuma kazi nyumbani, na akujalie uimalize angali anasikia.