Mkono wa Mfunga Maturubai

Niseme habari yenyewe kabla sijakasirika: yule mzee aliyekuwa akifunga maturubai ya malori hapa Tunduma, kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, nimonia imemchukua, na Jumamosi tumemzika kwao Mbozi. Mliowahi kupitisha mzigo mpakani mnamjua. Madereva wa Zambia walimwita bashikulu, yaani babu, na hawakuwasha gari mpaka alizunguke lori akizipiga kamba kofi. "Kaza mpaka ilie," ndiyo ilikuwa salamu yake kwetu vijana. Mimi aliniita Redio, kwa sababu sizimiki.

Kilichonipandisha hasira ni jamaa mmoja pale msibani. Amekaa na sahani yake ya wali, anatangaza kwamba mzee aliuawa na madaktari wa Dar, eti walianza kwa kumuulia mkono. Nikasimama. Wanaonijua wakaanza kusogeza viti.

Mkono ule naujua, maana nilimsindikiza mimi. Mshipa wa moyo ulikuwa umebana, akipanda tu juu ya lori anashika kifua. Kule Dar wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wake wa kulia, ukapanda mpaka moyoni, wakapafungua palipobana. Kesho yake yuko koridoni anawatania wauguzi. Walipomruhusu wakamwambia damu ikitoka abonyeze kwa kidole, atafute hospitali. Sasa, kwenye basi la kurudi, mimi nimesinzia, akaona doa kwenye bandeji, dogo kama punje ya mahindi. Mtu mwingine angemwita kondakta. Mzee wetu akatoa mfukoni kipande cha mpira wa kufungia mizigo, akakaza kama anafunga lori la kwenda Lusaka, akakaa nacho hivyo mpaka Tunduma.

Tunashuka, vidole ni baridi, vimepauka. Daktari wa hapa akagusa kifundo, hakupata mapigo. Damu ilikuwa imeganda, mshipa umeziba. Nikaanza kufoka hata sijui namfokea nani. Daktari akaninyamazisha, akaeleza kwamba kiganja kinalishwa na mishipa miwili mikubwa, na huu ukiziba, mara nyingi ule wa upande wa kidole kidogo unabeba mzigo wote. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa dawa vidole vikapata joto, mzee akarudi kazini. Ila mapigo pale kwenye kifundo hayakurudi tena. Yeye akawa anacheka tu, anasema kamba moja imekatika, ya pili imeshika.

Mtaani hawakucheka. Ikasambaa kwamba ukitibiwa moyo kupitia mkono, mkono unakufa. Mama anayetuuzia chai kwenye maegesho alikuwa ameandikiwa matibabu hayohayo, akagoma, akasema bora afe na mikono yake yote miwili. Watoto wakambembeleza wakachoka, na kila wiki pumzi inazidi kumwishia. Mzee akaenda kukaa kwenye benchi lake, akanyoosha mkono.

"Mama, shika hapa. Unasikia kitu?"

Akashika, akasema hasikii kitu.

"Haya, nipe kamba."

Akafunga fundo la turubai kwenye mguu wa meza kwa mkono uleule, akavuta, meza ikasogea na vikombe vyake. "Mshipa huu nimeuziba mimi na mpira wangu, sio wao. Wewe nenda. Ila usikaze."

Mama akaenda. Na pale msibani, kabla sijafungua mdomo, ndiye huyo anatoka jikoni na upawa mkononi, anamnyooshea kifundo yule jamaa.

"Shika, kaka. Na mimi moyo walinitibu kwa mlango huuhuu."

Jamaa akashika, akainamisha macho, akasema mapigo yanadunda.

"Basi kula wali."

Nikakaa. Nikavuta sahani yangu ya wali. Sisi watu wa mpakani tunadhani kila kitu kinasalimika kwa kukazwa: mizigo, watoto, hata kidonda. Ukitibiwa kwa njia hiyo, usiondoke hospitali mpaka wakuguse kifundo na kukuambia damu inapita, na ukiona doa, bonyeza kwa kidole, utafute hospitali, usifunge kamba. Mzee alijifunza hilo kwa mkono wake, halafu akautumia kumwokoa mama wa watu.

Baadaye wingu likafunga, vijana wakakimbilia kamba za turubai la msiba, mmoja akavuta kwa nguvu zake zote. Sauti ya mama wa chai ikatoka jikoni: "Legeza kidogo, we kijana, iache ipumue." Msiba mzima ukacheka, wafiwa kwa wachimba kaburi, na turubai likashika mpaka mvua ikaisha.