Faili nililofuta mara tatu

Bado kichwa changu kinakataa. Yaya Ngalula, dada yetu mkubwa wa ofisini, ametutoka Jumanne, kwa homa ya siku nne tu, na mimi hapa naandika kana kwamba atapita kusoma na kuniachia kile kicheko chake cha herufi kubwa.

Wengi wenu mmeandika hapa mtandaoni kwamba alikuwa mkarimu na mcheshi. Ni kweli. Mimi nina jambo lingine. Naomba mnisome hadi mwisho.

Yaya alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi yetu ya usafirishaji, hapa mjini kati. Mimi ni karani ninayechapisha hati za malori yanayopakia kwenye mgodi wa Kinsevere. Bila hati, lori haliondoki.

Siku yangu ya kwanza alivitazama viatu vyangu vilivyong'aa kama vya bwana harusi. "Eh, petit! Cirage yote hii? Hapa ni ku kazi, haiko ku mariage!" Nikacheka, hofu ikapungua kidogo.

Wakati huo kompyuta zetu zilikuwa za Windows, na kila flash iliyoingia ilileta virusi. Yaya akaisafisha mashine moja baada ya nyingine, akaondoa Windows, akaweka Linux. Lakini programu ya hati ilitengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, basi akaweka programu nyingine katikati.

"Ni mukalimani," alitueleza. "Huyu anasema Tshiluba, huyu anasema Kibemba, ye anakaa katikati, banasikilizana."

Alitufundisha pia kuwinda virusi kwenye flash: onyesha mafaili yaliyofichwa, ukiona jina usilolijua linaloishia na .exe au .dll, futa. Niliandika yote. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Wiki moja baadaye, ndani ya mashine yangu, nikakuta folda iliyofichwa inayoitwa "windows". Ndani yake kulikuwa na faili moja la .dll lenye tarehe ya juzi tu. Nikashtuka. Windows si ilifukuzwa? Nikalifuta, na nikajiona nimeiokoa ofisi.

Kesho yake programu ilifunguka vizuri. Nikabonyeza kuchapisha. Paa! Ikajifunga. Malori yakapanga mstari barabarani, madereva wakapiga honi.

Yaya akaja, akainama kwenye ile mashine saa nzima, ikapona. Nikachungulia ile folda: faili limerudi. Virusi hurudi, yeye mwenyewe alisema. Nikalifuta tena. Na mara nyingine tena.

Kila ilipoanguka aliniuliza bila kelele nilichogusa kabla: "Mbele ianguke, uligusa nini?"

"Hakuna, yaya."

Nilidhani nasema kweli. Kwangu, kusafisha hakukuwa kugusa.

Shefu, mkubwa wetu wa ofisi, akaanza kumtania mbele ya watu: "Ngalula, ile Linux yako iko mugonjwa kila siku! Bachauffeur banatukana miye, habatukane weye!" Ofisi nzima ikacheka. Naye alicheka, halafu akarudi kwenye meza yake akaendelea kutafuta kosa mpaka saa ya kutoka.

Kisha siku moja tunakula bukari, ule ugali wetu, nyuma ya ofisi, akaniambia: "Petit, kuko kintu inanishangaza. Kuko fichier moja, njo inasaidia ku-imprimer. Naiweka, inapotea. Naiweka tena, inapotea. Sawa vile iko na miguu."

Faili la kuchapisha: ndilo hilo nililokuwa nalifuta. Nikaelewa palepale.

"Weye haukuona kintu?"

"Sikuona, yaya."

Huko hakukuwa kutojua tena. Ulikuwa uongo. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, shefu alikuwa amewaka, nikaogopa kufukuzwa. Sikuligusa tena lile faili. Nilijidanganya kwamba kuacha kukosea kunatosha.

Ijumaa ya wiki ileile aliambiwa mkataba wake hautaendelea. Asubuhi hiyo alikuwa amelirudisha faili kwa mara ya mwisho.

Tangu hapo programu haijaanguka hata siku moja. Shefu akatuambia: "Munaona? Tangu anaenda, machine inatulia." Wenzangu wakaitikia. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Jana kwenye kilio, pale msibani kwao mtaa wa Bel-Air, waliomba mtu wa ofisini aseme neno. Nikasukumwa mimi. Nikasema alipenda kucheka, nikakaa.

Mama yake akanishika mkono. "Aksanti, mutoto wangu. Aliniambia, mama, kuko kintu nilikosa kule, na sikuione. Alitafuta ku machine yake hapa nyumba mpaka siku homa inamulalisha. Weye ulitumika naye. Alikosa wapi?"

Nikamwambia sijui. Mama aliyefiwa, mkono wangu mkononi mwake, nikamwambia sijui.

Mama, najua binti yako mdogo atakusomea haya. Yaya Ngalula hakukosa popote. Kazi yake ilikuwa safi. Mimi, Trésor, ndiye niliyefuta faili lake mara tatu, na nilipojua nikanyamaza mpaka akaondolewa. Kesho nitakuja Bel-Air kukuambia uso kwa uso. Ukinifungia mlango, nitaelewa.

Shefu, najua nawe unasoma. Mashine inatulia kwa sababu ya kile alichokiweka yeye. Hati zote za wiki hii zimetoka kwa kazi ya mikono yake. Jumatatu nitakuwa mlangoni kwako kabla hujaniita.

Na ninyi wengine, msiniandikie "courage", ati nijipe moyo. Andikeni jina lake, na kwamba alikuwa fundi hodari.

Yaya, uliniuliza kwa upole, na sentensi moja tu ingetosha kukujibu. Nimeisema leo, ukiwa huwezi kuisikia. Naona haya kukuomba msamaha, lakini naomba.

Lala sasa, yaya wangu. Usitafute tena.